Kambare Ndani ya Mfereji wa Paa

Jana mpishi wa bweni alifungua gunia la kambare wakavu walioingia unyevu, na harufu ile ikaniondoa mezani mbio. Wenzangu walinicheka. Sikuwaeleza kitu, maana kusema mbele ya watu siwezi. Nawaambia nyinyi mnaosoma, kwa kuwa hamnitazami usoni.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya misheni pale Kulesa, kijiji chetu cha kando ya mto, na nyumba yetu ya udongo ndiyo iliyotangulia kuezekwa mabati kijijini. Ukingoni mwa paa Baba alikunja bati lililobaki likawa mfereji, ili maji ya mvua yaende pipani yasimwagikie ukuta. Watu walikuja kuutazama. Nyumba za nyasi hazina mfereji, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba kitu kile kinataka kusafishwa.

Tena sisi watu wa mto tukiona bati la moto tunaona nini? Pa kuanikia samaki. Chini kambare hukauka siku tatu, akigombewa na mbwa; juu ya bati siku moja tu. Mama alianika, majirani wakaleta wao. Mafuta yakachuruzika, kunguru wakanyofoa, na vichwa, sharubu na matumbo vikabingirika hadi mferejini, vikakaa humo.

Harufu ilipozidi, Baba alinipa kazi ya kuusafisha kila Jumamosi, kwa sababu nilikuwa mwepesi na ngazi ilikuwa ya fito. Niliifanya mara moja. Nilitumbukiza mkono katika uji mweusi, wenye joto kama uji kweli, na uji ule ukatembea. Funza. Walinipanda hadi kwenye kiwiko. Nilitapika palepale ngazini, na matapishi nayo yakaingia mferejini. Tangu hapo nilikuwa napanda, nafumba macho, nakaa kidogo, nashuka.

"Umesafisha?"

"Nimesafisha, Baba."

Mama Halima, Muorma wa jamii ya wafugaji aliyetuletea maziwa, hakudanganyika. Wao hata samaki asiyeoza huwatia kichefuchefu. Siku moja alisimama mbali, ameziba pua kwa mtandio.

"Leo mimi naweka kibuyu hapa njiani," alisema. "Nyinyi watu wa mto, ng'ombe hamna, sasa mnafuga funza juu ya nyumba?"

Mama alicheka. Mdogo wangu alikuwa na siku chache tu tangu kuzaliwa, na Mama alicheka kwa kila kitu. Mimi sikucheka.

Masika yakaingia. Maji yalikosa njia, yakafurika juu ya mfereji na kuteremka ukutani, upande wa chumba alicholala Mama na mtoto. Pipa lilibaki kavu. Siku ya nne ukuta ulikuwa umevimba. Niliubonyeza kwa kidole, kikazama chote. Nilijua sababu. Nikafuta kidole kwenye gauni, nikaenda shule.

Adhuhuri mimi na Baba tuliporudi, ukuta ulikuwa kitandani. Udongo, fito, na ule uji mweusi ukitiririka juu ya nguo za mtoto. Mama alikuwa amempeleka mtoto jikoni kumwogesha. Ndiyo maana nina mdogo hadi leo.

"Ulisafisha?" Baba aliuliza.

Alipanda mwenyewe, akachungulia, akashuka upesi, akapotelea nyuma ya migomba. Tulimsikia akitapika. Mvua bado ilinyesha, na ukuta wa mbele nao ulianza kulowa.

"Shika mtoto," Mama aliniambia. "Hiyo kazi unaiweza?"

Akapanda, mzazi wa siku kumi na tano, akazoa kwa mikono, akitupa chini tonge baada ya tonge, mpaka maji yakaanza kulia ndani ya pipa.

Jioni ile Mama alikula wali kwa kijiko. Kwetu wali huliwa kwa mkono. Kijiko kilikuwa cha wageni wa misheni. Nikajisemea moyoni, mke wa mwalimu ameanza maringo. Alikula hivyo karibu wiki nzima.

Mwaka jana, likizoni, ndipo nilipomwuliza ilikuwaje yeye hakusikia kinyaa siku ile. Alinishangaa.

"Nani kakwambia sikusikia? Mkono ule sikuweza kuuleta kinywani."

Miaka yote ile nilikuwa nimeamini kwamba uchafu husafishwa na watu wasiosikia kinyaa.