Siku Radi Alipoita na Uwanja Ukanyamaza

Siku moja naikumbuka kwa vumbi lake, mwanangu. Vumbi la uwanja wa mpira wa Chapwa lilikuwa limetupaka mpaka magotini, sisi wasichana tuliojipaka mafuta ili tung'ae. Tulikwenda kumwona Radi.

Ninyi Radi hamumjui. Mnawajua hawa wenu wanaoimba wakishikilia suruali isianguke. Radi alikuwa mtu wa ng'ambo, upande wa Zambia, mwimbaji wa roki. Alikuwa na gitaa la umeme, suruali ya bugaluu, pana chini, na viatu vya raizoni vilivyomrefusha kama nguzo ya simu. Hapa Tunduma hapakuwa na baa isiyopiga santuri zake. Shule niliiacha mapema, lakini nyimbo za Radi nilizihitimu.

Mwaka ule alikuwa mgonjwa. Habari zilivuka mpaka kabla yake: kifua kimemmaliza, anakuja kutuaga. Shangazi yangu aliyenilea kule Iyula, mkulima wa kahawa na mama wa kanisani, alikuwa amekuja mjini kunitembelea. Akasema, "Peke yako huendi. Nami nikawaone hao wanaolia kama ng'ombe waliokanyagwa mikia." Tukaenda naye na kitambaa chake cha kanisani kichwani, katikati ya vijana wenye nywele kama vichaka.

Jukwaa lilikuwa nyuma ya lori. Jua la alasiri linachoma. Radi alipandishwa akishikwa makwapani, shati linamning'inia kama limeanikwa kwenye kamba. Shangazi akaninong'oneza, "Hiyo suruali inafagia lori bure. Aliyemo ndani ni fito."

Akaanza wimbo tulioupenda kuliko zote. Ndani yake mtu amerudi kutoka mgodini, amesimama mlangoni, anaita, "Nani yuko nyumbani?" Kwenye santuri sauti nyingine inamjibu, "Tupo, ingia." Ile ilikuwa sauti ya mdogo wake aliyekuwa akipiga naye muziki, na mdogo mtu alikuwa ameshafariki. Radi hakuweka mwingine mahali pake. Aliita, akanyamaza, akangoja.

Uwanja kimya.

Akaita tena. Sauti ikakwaruza, akakohoa kwenye maikrofoni, kikohozi kikatoka kwenye maspika kikubwa kuliko wimbo. Hapo vijana wakaanza. "Kasahau maneno!" "Shuka, mzee, kanywe uji!" "Mrudisheni kwao!" Vicheko huku, miluzi kule. Radi akashika mkanda wa gitaa, akaanza kuuvua begani. Nikaona huyu mtu anashuka sasa, anakwenda kufa akijua tulimfukuza.

Shangazi akanigeukia kwa ukali. "Mbona hamumwitikii?"

"Shangazi, huku watu hawaitikii. Wanasikiliza tu."

"Mtu anaita, ninyi mnamkodolea macho?"

Mwanangu, kwetu Iyula, tukialikana kupalilia, mwimbishaji anatangulia. Anaita, mstari mzima unamjibu, majembe yanashuka pamoja. Mkimwacha aite bila kujibiwa, anaweka jembe chini na kwenda zake, na mwenye shamba itabidi amfuate nyumbani na kuku wa kumwomba radhi. Aibu ile ile shangazi aliiona pale juu ya lori, kwa mtu asiyemjua hata ukoo.

"Anajibiwaje?" akaniuliza.

"Tupo, ingia."

"Na wewe unajua, umefunga mdomo?"

Hakungoja jibu langu. Akafungua lile koo lake la shambani: "Tupo, ingiaaa!"

Watu waliangua kicheko! "Bibi, hapa si kwaya!" Marafiki zangu wakajitenga nami kana kwamba nina upele. Shangazi akarudia, na safari hii nikaitikia naye, macho nimeyafumba. Akina mama waliokuwa wakichoma mahindi pembeni, watu wa mashamba kama sisi, wakadaka. Nisikudanganye kwamba uwanja mzima uliimba. Ilikuwa kona yetu tu.

Lakini Radi alisikia. Akarudisha mkanda begani, akajikokota mpaka ukingoni mwa lori upande wetu. Akaita, tukajibu. Akaita, tukajibu, mpaka wimbo ukaisha wenyewe kama wimbo unavyotakiwa kuisha. Akamwinamia shangazi. "Natotela, bamayo," akasema, asante mama, kwa Kibemba, maikrofoni ameishusha. Hakuimba tena mahali popote.

Alikufa mahindi yangali mabichi. Tulivuka kwenda kuzika. Wale wale waliomwambia akanywe uji niliwakuta huko wakigaragara, wakigombania kubeba jeneza. Shangazi alikaa mkekani, macho makavu. Mama mmoja akamuuliza, "Wewe mbona hulii?" Akasema, "Mimi nilimjibu akisikia. Hawa wanamjibu nani?"

Miaka ikapita, naye shangazi akalazwa na ugonjwa wake wa mwisho. Nilikaa kando ya kitanda nikimwimbia nyimbo za kupalilia. Maneno yalikuwa yameshamtoka, lakini alinigonga kiganjani kwa kidole kila palipotakiwa kuitikiwa. Kisha kidole kikaacha. Mpaka leo nikifika hapo katika wimbo, nashindwa kuendelea.

Basi sikia, mwanangu. Mtu akifa mnajaza picha zake kwenye simu, mishumaa, maneno matamu. Alipokuwa hai, alipiga simu hamkupokea. Alikuja kuongea, mkasema anachosha. Kama kuna mtu amekufaa, mwambie leo, hata sauti yake ikiwa imekwaruza, hata wenzako wakikucheka. Kuchekwa kunapita. Yule aliyekuita akikosa jibu, anaondoka na uchungu huo, na huwezi kumfuata kaburini na kuku.

Mungu akulinde, akupe moyo usioona haya mbele za watu. Na siku yako ikifika ya kudhoofika, akuzungushie watu wanaokupenda kwa sauti. Amina.