Jiwe la Kusimamishia Mashine

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, picha ya pili ilipolazwa juu ya picha ya kwanza kwenye kompyuta, ukuta wa mwamba ulio nyuma ya nyumba ya dada yangu uligeuka mwekundu. Mhandisi wa reli alirudia hesabu, akapata jibu lile lile. Kijani kilimaanisha mwamba umetulia. Nyekundu ilimaanisha umesogea.

Tulikuwa juu ya Mlimba, reli inapoanza kuingia milimani. Mimi ni fundi redio wa Ifakara. Upimaji nilijifundisha kwa vitabu vya kuazima, na kazi yangu ilikuwa kuisimamisha mashine ya leza mahali pake. Mashine hiyo hupeleka mwanga kwenye mwamba na kupima umbali kwa muda ambao mwanga hutumia kurudi, nukta baada ya nukta, mpaka ukuta mzima unakuwa picha. Ukirudi baada ya masika ukapima tena kutoka pale pale, tofauti ya picha mbili ndiyo mwendo wa mwamba. Sharti ni hilo tu: pale pale.

Mahali pa kusimama alituonyesha dada mwenyewe. Ng'ambo ya kijito, mkabala na nyumba yake, kuna jiwe kubwa ambalo babu zetu waliliwekea unga wa tambiko kabla ya kupanda mpunga. Watu wa kwetu wanaenda kanisani, lakini mtu akitaka kuaminiwa bado hulitaja jiwe hilo. Mhandisi aliuliza ni kitu gani pale hakijawahi kusogea.

"Hilo hapo, baba," dada alisema huku akipepeta mchele. "Marehemu mume wangu alikuwa mbishi, lakini hata yeye hakulifikia hilo kwa kugoma."

Tukacheka, tukalitoboa, tukafunga bolti ya kukalia mashine. Hakuna aliyechimba pembeni kutazama limekalia nini. Tundu dogo dada aliliridhia, lakini kulikagua chini mimi naye tungeona ni utovu wa adabu, na mhandisi alituamini.

Siku ya picha nyekundu nilivuka kijito peke yangu.

"Shikamoo, dada. Mlima unakuja."

"Marahaba. Unakuja bila hodi?"

"Umesogea upana wa vidole viwili tangu masika."

"Vidole viwili! Nyumba hii nimeikandika kwa mikono yangu, nihame kwa vidole viwili?"

Nikamweleza kwamba mwamba huanza hivyo. Alitazama kaburi la mumewe, lililokuwa hatua chache kutoka mlangoni.

"Ingekuwa mgeni anasema, nisingetoka. Kwa kuwa ni wewe, mdogo wangu, nitahama. Ila nikifa mnirudishe pale kwa mwenzangu."

Nyumba ikabomolewa, eneo likafungwa, naye akapewa kifuta jasho. Alihamia kwangu Ifakara na kuzifunga hela zile kwenye pembe ya kitenge.

"Hii ni nauli yangu ya kurudi," alisema.

"Kwa nauli hiyo utafika Zambia."

"Basi nitapitiliza, halafu nirudi nyuma."

Ifakara ni tambarare. Kila asubuhi alikiweka kigoda chake kuelekea magharibi na kulalamika kwamba macho yake hayana pa kuegemea. Presha ilimwondoa kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata. Niliomba kibali cha kumzika kwake, nikanyimwa, na sikuweza kubisha: nani angewapeleka wabeba jeneza chini ya mwamba uliotangazwa kuwa unaanguka? Tulimzika Ifakara, kati ya watu asiowafahamu.

Mhandisi aliporudi kupima tena alikuja na kifaa kingine, cha kujua mahali kwa setilaiti. Alikifunga kwenye bolti ile ile. Akangoja, akasoma, akalinganisha na vipimo vya reli vya siku tulipofunga bolti, akakaa chini kwenye majani.

"Kaka," alisema, "ukuta haujasogea. Ni jiwe."

Tulichimba pembeni. Jiwe halikuwa na mzizi wa mwamba. Lilikuwa limekalia udongo mwekundu, na udongo ulikuwa ukiteremka taratibu kuelekea kijitoni, mvua kwa mvua, ukilibeba jiwe na mashine yetu juu yake. Umbali ulikuwa umepungua kweli. Sisi ndio tulioufuata mlima.

Nilivuka kijito. Mahali pa nyumba palikuwa pameota magugu. Pembeni mwa kaburi la shemeji palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, ambayo dada alikuwa akiipalilia. Nilipowaeleza wazee wa ukoo kwamba nataka kumhamisha, walisema kwa upole kwamba aliyekwisha kulazwa haamshwi, na kwamba niache.

Hela ziko kwangu, kwenye pembe ile ile ya kitenge. Hakuwahi kuzigusa, na hakuna safari ya kuzitumia. Ni shilingi milioni moja na laki mbili.