Nimeshakunywa Bondeni

Binti yangu ana chupa ya maji yenye mistari ubavuni: saa tatu asubuhi unywe hadi hapa, saa sita hadi hapa, mpaka jioni iishe. Kila akiinywa hivyo kwa utii, mimi husikia kata ya kifuu ikikwaruza chini ya mtungi, nikanusa udongo uliolowa wa nyumbani kwetu Newala.

Kwetu kule juu maji hayakuwapo. Yalikuwa bondeni, chini ya mteremko ambao ukiutazama tu magoti yanalalamika. Bibi, mzaa mama, alishuka alfajiri na ndoo, akarudi jua limeshakuwa kali. Kugawa ilikuwa kazi ya Mama: kata tatu kwa kila mtu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, basi. Msimu wa korosho tulijazia kwa kufyonza mabibo mpaka midomo ikawasha. Nikinung'unika, Bibi alicheka na kusema maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Lakini kata yake ya mchana hakuipokea. Alifunika mtungi kwa kiganja.

"Mama Zuhura, wape watoto. Mimi nimeshakunywa bondeni."

Nisikufiche, nilimwonea wivu. Nilimwona mjanja, anajinywea huko peke yake mpaka anatosheka, halafu sisi anatuletea mabaki. Nilikuwa na miaka minane nilipoomba kumfuata, na wala sikuomba ili nimsaidie.

Kisimani nilipiga magoti nikanywa mpaka tumbo likawa ngoma. Nilipoinua kichwa, Bibi alikuwa anasukutua. Akatema.

"Bibi, hunywi?"

"Tumbo la maji halipandi mlima, mke mwenzangu." Aliniita hivyo kwa utani wetu wa bibi na mjukuu. "Utaona."

Niliona. Kabla ya nusu ya njia nilitapika yote, nikakaa chini nikalia. Bibi aliichukua ndoo yangu ndogo mkononi, yake ikiwa kichwani, tukaendelea. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Tulipofika Mama akachota. Kiganja kikafunika mtungi.

"Mimi nimeshakunywa bondeni."

Nikamtazama. Akanikonyeza. Ningesema neno moja tu, Mama angemlazimisha anywe, nami nililijua hilo vizuri. Lakini koo lilikuwa linaniwaka, na baada ya kata yangu Mama alininyooshea na ile ya Bibi. Nikainywa yote, nikanyamaza.

Kwa miaka mingi nilidhani alinikonyeza ili nisimchongee. Kisha bomba letu hapa Masasi likakauka siku nne, ikabaki chupa moja ndani ya nyumba. Binti yangu akaniuliza, "Mama, na wewe je?" Nikajikuta nikijibu upesi, tena kwa furaha, "Kunywa, mwanangu. Nimeshakunywa kazini."

Ndipo nikaelewa kwamba Bibi siku ile hakuwa anaomba siri. Alikuwa na raha, na alitaka niione.

Chupa ya binti yangu inajua mtu anywe kiasi gani kwa siku. Mimi najua tu kwamba nilikunywa yangu, na ya Bibi. Asante, mke mwenzangu.