Kuvu Iliyochagua Nguo za Marehemu

Siku yangu ya kwanza kazini mkuu wangu hakunipa kiti. Afisa wa Afya wa Wilaya, mzee mrefu aliyeongea kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili, alinipeleka kwenye nyumba tupu ya serikali nyuma ya ofisi zetu mjini Nyamira, akafungua kabati na kuniambia niingize kichwa.

"Nusa."

Nikanusa. Harufu ya udongo, ya viatu vikuukuu, ya viazi vilivyosahaulika guniani.

"Hapa hajaishi mtu tangu mvua zianze. Sasa niambie, kuvu imeingilia wapi?"

Nikasema dirishani. Nikasema kwenye nyufa. Kila mara alitikisa kichwa.

"Haikuingia, binti yangu. Mbegu zake ni vumbi usiloliona. Ziko kwenye koti lako, ziko kwenye pumzi unayovuta. Katika kila nyumba unayoijua, kuvu imo tayari. Inangoja maji tu."

Nimestaafu, na bado kuna asubuhi nalifungua kabati langu polepole.

Watu walituita mabwana afya, hata mimi. "Bwana Afya ni mwanamke!" akina mama walicheka langoni, kisha wakanimiminia chai. Wengi hudhani kazi yetu ilikuwa vyoo na nyama buchani. Ilikuwa hiyo pia. Lakini katika milima yetu, ambako mvua haikawii kurudi, nilisikiliza vifua vingi vikikoroma ndani ya nyumba nzuri. Nyumba za zamani za udongo zilikaushwa na moshi wa jikoni. Tulipojenga za mawe tulifukuza moshi, tukafunga madirisha kwa ajili ya baridi, tukaanika ndani nguo zilizolowa tukichuma majani chai. Hewa yenye joto ikigusa ukuta baridi, ukuta hutoka jasho. Kuvu hunywa jasho hilo.

Nilipohamishiwa Kisii, nilizunguka soko la Daraja Mbili nikiwafundisha wauza mitumba kusugua nguo nje, upepo ukiwa mgongoni na kitambaa puani, kuzifua kwa maji moto na sabuni, kisha kuzianika mpaka mshono ukauke, kwa maana mshono ndio hukauka mwisho. Mama mmoja aliinua blauzi yenye nukta nyeusi.

"Daktari, hii si kuvu. Ni fasheni ya ng'ambo!"

"Basi ivae wewe."

"Aa, mimi ni mtu wa kanisa."

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Nyansiongo. Huko alinijia mjane aliyeitwa Mama Bosibori, akiwa amejifunga leso mbili kwa baridi.

"Njoo uone kabla ya Jumapili," alisema. "Jumapili ukoo unakaa. Shemeji anasema nitoke kwenye nyumba."

"Kosa gani?"

"Mume wangu anachukua nguo zake."

Nikaenda naye. Ilikuwa nyumba ya mawe aliyoijenga marehemu mwenyewe. Matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa kwa magazeti, na kabati lilikuwa limesukumwa hadi likagusa ukuta wa nje. Aliifungua milango yote miwili ya kabati, kisha akasogea kando.

Kushoto zilining'inia nguo zake yeye, kavu, rangi zao zikiwa safi. Kulia zilikuwa za mumewe. Koti la sufu lilikuwa limeota manyoya ya kijivu mabegani na mikononi hadi kwenye viwiko, kama la mtu aliyetoka kubeba unga. Viatu vilikuwa na ndevu nyeupe. Mama Bosibori alisema amelisugua koti hilo na kulianika, lakini manyoya yalirudi mahali pale pale.

Shemeji yake, Ombati, alisimama mlangoni, mikono nyuma. Hakutaka kuingia.

"Za mke hazijaguswa," alisema. "Marehemu anajua vilivyo vyake. Anaitaka nyumba yake, na huyu hataki kumpisha."

Niliweka kiganja ukutani, nyuma ya upande wa kulia. Kilirudi kimelowa; nyuma ya upande wa kushoto palikuwa pakavu. Plasta ilikuwa imevimba mpaka usawa wa goti, nayo ilibonyea nilipoigusa, laini kama kitu chenye uhai. Ulikuwa unyevu wa kupanda: maji ya ardhini hupanda ndani ya jiwe kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Sufu na ngozi zilikuwa karibu na ukuta huo, na hicho ni chakula ambacho kuvu haikiachi.

Mkuu wangu alizoea kusema, "Usiishie ukutani. Fuata maji mpaka yanakotoka." Nikatoka nje kuyafuata, nikafika kaburini.

Lilikuwa upande wa kulia wa nyumba, kama mila yetu inavyotaka kwa mwanamume. Shamba lilikuwa limegawanywa likawa jembamba, hivyo kilima cha udongo kiliegemea msingi. Bati la paa halikuwa na gata, ule mfereji wa kukinga maji ya mvua. Maji yote ya paa yalianguka juu ya kilima, yakazama, yakageukia nyumba.

"Mtaro wa maji ulipita wapi zamani?" niliuliza.

Ombati alionyesha kwa kidevu, katikati ya kaburi.

"Basi maji yanatoka kaburini," nilisema, nikiwaza mteremko.

Ombati alirudi nyuma. "Umesikia? Serikali yenyewe imesema!"

Nikafungua kinywa nieleze habari za msingi na mteremko, nikaona kila neno la kweli lingemsaidia yeye. Maji yalitoka kwa marehemu. Yalipanda ukuta wake. Yalifikia nguo zake, yakaziacha za mkewe.

Mama Bosibori aliukodolea macho udongo uliolowa.

"Ombati," alisema, "ndugu yako ananyeshewa."

"Nini?"

"Maji ya bati lote yanamwagikia. Tangu tumzike. Ninyi mnakaa kwenu mnakunywa chai, mnagawana nyumba yake, naye amelala majini. Ungekuwa wewe, hungebisha ukuta?"

Ombati alinitazama.

"Udongo umejaa maji," nilisema. "Chimbeni mtaro upite kando ya kaburi, ushuke kwenye migomba. Bati nalo liwekwe gata."

"Na kuvu ikirudi?"

"Jembe liko nyuma ya jiko, shemeji," alisema Mama Bosibori.

Jumapili ukoo ulikaa, ukabishana nani alete gata. Habari ya kumhamisha mjane haikutajwa; hakuna aliyetaka kusemwa kwamba alimwacha marehemu majini. Nilimwambia mjane avute kabati liachane na ukuta kwa upana wa kiganja, atoe magazeti kwenye matundu, akwangue plasta mbovu, wala asipake rangi mapema. Rangi juu ya ukuta mbichi hufungia maji ndani. Ukuta ule ulihitaji kiangazi kizima.

Maafisa vijana wa afya wa kaunti huniuliza kwa nini sikuwaeleza watu wale kisayansi. Mtaro ulichimbwa pale pale ambapo sayansi ingeuchimba.

Karibu na kustaafu nilipita kumuaga. Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Mama Bosibori alikuwa kando ya kaburi, akitoa majani mtaroni kwa jembe ili maji yapite. Kabla sijabisha hodi nilimsikia akiuliza, kwa sauti ya mke anayemuuliza mtu aliyetoka shambani:

"Huko kumekauka?"

Aliinamisha kichwa, akangoja. Nami nikangoja langoni, mkono ukiwa kwenye komeo.

"Haya, basi," aliitikia, akaingia ndani.