Wendo na Maji ya Josho

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo viganja vinanitoka jasho. Nimesikia umenunua ng'ombe wako wa kwanza, nikafurahi sana, na nikaona afadhali nikusimulie mapema.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami ni mke mchanga, hata mwaka sijamaliza katika boma la watu, upande wa Masinga, si mbali na soko la Kithyoko. Mume wangu alifanya kazi katika kiwanda cha simiti kule Athi River na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Nilibaki na mama yake, ambaye nilimwita Mwaitu, kama sisi Wakamba tunavyowaita mama zetu. Mwaitu alikuwa na ng'ombe watatu. Wawili walikuwa maksai wa kulima, ng'ombe wetu wa kienyeji, wagumu, wenye nundu. Wa tatu alikuwa Wendo, ng'ombe wa gredi, wa mbegu ya kizungu, mweusi mwenye mabaka meupe. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na tulikuwa tukihesabu wiki, kwa sababu maziwa ya uzao huo ndiyo yangemrudisha wifi yangu mdogo sekondari.

Kila Alhamisi tulipeleka ng'ombe joshoni. Kama hujawahi kuona josho, ni mfereji mwembamba wa saruji uliojaa maji yaliyotiwa dawa ya kupe. Ng'ombe anaruka ndani upande huu, anazama, anaogelea, kisha anapanda ngazi upande ule akiwa amelowa mpaka masikio. Dawa yenyewe ni sumu. Juu ya ngozi inaua kupe. Ikiingia tumboni inaua ng'ombe. Kwa hiyo kulikuwa na sharti moja ambalo kila mtu alilijua: ng'ombe anywe maji ashibe kabla ya kufika pale. Mnyama mwenye kiu hatofautishi dawa na maji. Akijikuta amezungukwa na kitu chenye umajimaji, anakunywa.

Sharti hilo ni rahisi kulitamka. Wakati wa kiangazi mto wetu ulikuwa mchanga mtupu. Unachimba shimo mpaka linakufika kiunoni, unangoja maji yachuruzike, unachota kwa kopo, unamimina kwenye karai. Ng'ombe anamaliza karai kwa pumzi moja, halafu anakutazama. Wendo peke yake alikunywa kuliko maksai wote wawili.

Alhamisi ile mume wangu alikuwa afike jioni. Nilitaka kusukwa nywele, nioge, nipike chakula kizuri. Nikajiambia kwamba nikienda moja kwa moja joshoni nitatangulia kwenye foleni, na ng'ombe nitawanywesha wakati wa kurudi. Tulipofika mtoni Wendo alisimama, akaunusa ule mchanga. Nikamchapa.

Msimamizi wa josho alikuwa Mzee Mutinda, mtu wa mizaha.

"Leo umeamkia hapa, bibi arusi?" akaniambia. "Ama bwana anakuja?"

Wanawake waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Mmoja akasema, "Muache, mzee, huoni vile anatembea? Mguu moja hapa, ingine iko Athi River!"

Nami nikacheka. Ndipo Mzee Mutinda akashika mti wa lango, akauliza kama alivyouliza kila mtu, "Wamekunywa?"

"Wamekunywa, mzee."

"Wote?"

"Mpaka wakakataa."

Mwanangu, hayo maneno ya mwisho hakuna aliyeyadai. Niliyaongeza mwenyewe ili uongo ukae vizuri.

Maksai waliruka, wakaogelea na kutoka vichwa vikiwa juu. Nilizunguka kuwapokea kule kwenye ngazi. Wendo akaruka, akaibuka, akaja mpaka kwenye ngazi maji yakiwa kifuani, akasimama hapo. Akateremsha mdomo. Nilisikia koo lake: gu, gu, gu. Nilimpiga puani kwa fimbo, akapanda juu akipiga chafya. Nikageuka kutazama. Mzee Mutinda alikuwa langoni akivutana na fahali mkaidi wa mtu mwingine. Hakuna aliyeona.

Nikajiambia ni mafunda machache tu.

Nusu ya njia Wendo alianza kutokwa na ute mdomoni, mrefu kama nyuzi. Tulipoingia uani alikuwa akitetemeka, machozi yakimtiririka. Mwaitu alitoka jikoni na unga mikononi.

"Ngai! Mungu wangu, Wendo ana nini?"

"Sijui, Mwaitu."

Alimtuma jirani kwa baiskeli akamwite daktari wa mifugo sokoni, naye akaja upesi na pikipiki yake. Alimfunua Wendo jicho, akamnusa mdomo, akauliza, "Huyu ametoka joshoni? Alikunywa kule?"

Kabla sijafungua kinywa, Mwaitu alinijibia. "Hapana, daktari. Huyu msichana wangu anawanywesha kwanza. Hawezi kupita mto hivi hivi. Hata ningemzaa mwenyewe nisingepata mwingine kama yeye."

Daktari alisita. "Basi itakuwa amekula jani baya," akasema, akaenda kupekua nyasi tulizokuwa tumemkatia, jani baada ya jani.

Nilisimama pale. Sijui nilisimama kwa muda gani. Ninachojua ni kwamba nilipoanza kusimama Wendo alikuwa kwa miguu minne, na nilipofungua kinywa alikuwa amelala ubavu.

"Daktari, alikunywa. Sikuwanywesha."

Hakuna aliyenifokea. Daktari alitupa zile nyasi, akakimbilia mkoba wake, akadunga sindano, akadunga nyingine. Kisha akasema polepole, bila kunitazama, "Ungeniambia nilipofika."

Wendo alikata roho kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya Mwaitu. Wendo alipokwisha kutulia, tumbo lake lilicheza. Lilicheza mara mbili, tatu, mbele ya macho yetu, halafu likatulia nalo. Mwanangu, nimezika wazazi na marafiki, na sijaona kitu kilichonishtua kama lile tumbo.

Majirani walikuja na karai na visu, kwa maana ulikuwa mwaka wa njaa. Mzee mmoja alimsihi daktari, "Hata mguu moja tu, watoto hawajaonja nyama tangu Krismasi."

"Nyama hii ni sumu," daktari akasema. "Hata mbwa asionje. Mchimbe shimo, aingie mzima."

Basi tukachimba. Watu wenye njaa wakawa wanafukia nyama huku wanalia. Mume wangu alifika akanikuta na jembe, nimejaa udongo mpaka kwenye nyusi. Alivua shati lake zuri la safari, akalitundika kwenye ua, akaingia shimoni.

Siku mbili Mwaitu hakunisemesha. Siku ya tatu asubuhi alinipa kamba za maksai.

"Wapeleke wakanywe maji."

Nilishtuka kuliko ningepigwa kofi. "Mwaitu, bado unaniamini?"

"Ng'ombe nimeshazika," akasema. "Nikikuzika na wewe, nitabaki na nani? Lakini nisikilize. Uongo wa joshoni ulikuwa wa haraka, na hata mimi nimewahi kuwa msichana mwenye haraka. Ulioniuma ni ule wa hapa uani. Nilipokuuliza Wendo ana nini, alikuwa bado amesimama."

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Siku hizi josho letu limekauka na nyinyi mnanyunyiza dawa kwa pampu nyumbani. Bado nywesha kwanza, maana ng'ombe mwenye kiu atalamba mwili uliolowa. Pima dawa kama ilivyoandikwa kwenye chupa, usikisie kwa macho. Ukichoka, omba msaada. Hakuna atakayekucheka, na akicheka, kazi si itakuwa imefanyika?

La pili ndilo zito zaidi. Siku moja utakosea, kwa maana hakuna mfugaji asiyekosea. Siku hiyo usitafute maneno ya kujificha. Mwambie daktari, mwambie mwenye ng'ombe, sema yote na useme upesi, kwa sababu mnyama hawezi kujisemea, na dakika unazotumia kuilinda heshima yako unazitoa kwenye uhai wake. Aibu itapita. Mimi hapa ilinipita, nikafuga, na ndama nimewapokea kwa mikono hii mpaka nikapoteza hesabu.

Nenda basi ukamtazame huyo ng'ombe wako. Mungu akulindie zizi, akupe mvua kwa wakati wake na majirani wa kukimbilia, na watoto wako wakue midomo yao ikiwa myeupe kwa maziwa.