Barua Alizowaandikia Watoto wa Watu

Joab Odera alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Kuze, hapa Mombasa, walimjua kama karani wa Morris tu, na mimi jambo hilo liliniudhi. Alifundisha biolojia kwa mkataba miaka tisa. Miwili ya mwisho hakulipwa hata senti, na wahadhiri walipogoma, mikataba ya vibarua kama yeye haikufanywa upya. Mkewe Caroline alikuwa ameshafariki. Kilichomsalia ni nyumba ya kupanga kule Tudor na binti mmoja, Emmah.

Mimi ni Nyevu, nina duka la kupiga chapa na fotokopi hapa Kuze. Ghorofani kwangu ndipo Morris alipofungua ofisi yake ya kupeleka wanafunzi ng'ambo. Kila mtoto aliyepokewa na chuo cha huko, chuo kilimpa Morris ujira, kwa hivyo msidhani alikuwa akitoa sadaka. Odera akachukuliwa kazi ya kuandika barua za maombi. Vyuo vya ng'ambo havitosheki na alama za mtihani. Vinataka mtoto aeleze kwa maandishi yeye ni nani, kapitia nini, kwa nini anataka masomo haya na si yale. Sasa mwulize mtoto wa Pwani habari zake. Atakwambia nzuri. Nyumba imeungua, nzuri. Baba yu mahututi, nzuri, ila baba hawezi kidogo. Ndivyo tulivyolelewa, shida hatuanzi nayo mlangoni. Barua zao zilikuwa kavu kama mkate wa juzi, na majibu yakawa hapana juu ya hapana.

Morris akamwita Odera, akamwambia bila kupepesa: akifikisha wanafunzi kumi wa uuguzi, wa kumi na moja atakuwa Emmah, kwa nafasi ya ufadhili. Emmah alikuwa amefanya vizuri sana Kidato cha Nne. Serikali ilimpa nafasi ya chuo hapa hapa nchini, lakini sehemu ya karo waliyotakiwa kujazia wenyewe iliwashinda, akakaa nyumbani akiosha vyombo ambavyo tayari ni safi. Baba mtu akawa hawezi kumtazama usoni. Ahadi ya Morris aliishika kwa mikono miwili.

Haikupita wiki, akashuka na barua ya msichana mmoja, Sidi, nimchapie. Niliisoma. Sikatai, kila kinachopita mikononi mwangu nakisoma. Ilieleza siku za mgomo wa wauguzi. Mama amelazwa kwenye ujia wa hospitali, chupa ya maji ya mshipani imepatikana lakini hakuna pa kuitundika, na binti wa miaka kumi na minne ameishika juu kwa mkono, tangu alasiri hadi magharibi. Mkono huu ukifa ganzi anabadilisha wa pili. Mama anamwomba aishushe apumzike, naye anakataa. Nililia juu ya mashine. Kisha nikamwuliza Odera, mamake Sidi si ndiye anayeniuzia mahamri kila asubuhi? Amekufa lini? Akanijibu kwa sauti ndogo kwamba mama wa kwenye barua ni marehemu Caroline na binti ni Emmah, na yeye mwenyewe siku ile alikuwa akienda na kurudi pale ujiani akitafuta daktari.

Sidi alipokewa baada ya wiki mbili. Hapo Morris akataka nyingine kama ile. Levi akapewa, mama akageuzwa shangazi. Terry akapewa, shangazi akawa nyanya. Chupa ilibaki, mkono ulibaki. Vyuo vilikuwa mbalimbali, na Odera alijiambia hakuna atakayeziweka barua hizo pamoja. Mtu mzima, mwalimu aliyekuwa akiwafelisha wanafunzi kwa kunakiliana! Nilimkasirikia sana, na zote nikazichapa.

Kumi walitimia baada ya mwaka na kitu, wote kwa chupa ileile. Morris hakuvunja ahadi, hilo nampa, akafungua maombi ya Emmah. Odera akamwandalia mwanawe barua ya habari nyingine kabisa, ya mapenzi ya vitabu na sayansi. Emmah akaisoma, akamrudishia kwa adabu, akasema yake ataiandika mwenyewe. Baba hakuhofu. Tangu mazishi mtoto yule hajawahi kuitaja siku ile ya hospitali, hata kwake, na aliamini hataitaja kamwe.

Siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa Ijumaa. Odera alikuwa amekwenda Mbaraki kuonana na mzazi mmoja, na Emmah akaja dukani peke yake na barua yake niitume. Mistari ya kwanza tu, nikauona ujia, nikaiona chupa.

"Emmah mwanangu, hini isende," nikamwambia. "Andika jambo jengine."

"Jambo gani, shangazi? Mimi sina jingine."

Ningemwambia. Neno lilikuwa hapa, ulimini. Lakini kumwambia ni kumvua baba nguo mbele ya mwanawe, nami niliona haya, nikabonyeza, ikaenda. Haya hiyo naijutia mpaka leo.

Jibu lilikuja siku ya kumi na tatu. Alilifungua kwenye kompyuta yangu, baba yake amesimama nyuma. Chuo kilisema vyuo vya nchi yao sasa vinalinganisha barua za maombi, na kwamba yake inafanana na nyingine kadhaa zilizotangulia kutoka Mombasa, kwamba huo ni udanganyifu, kwamba ombi limekataliwa na jina lake halitapokewa kwa miaka mitano. Emmah alisoma mara mbili. Hakulia.

"Tulikuwa watatu pale," akasema. "Mama amekufa. Mimi sikumwambia mtu."

Odera alikaa sakafuni, juu ya makaratasi mabovu. Akaeleza yote: Morris, ahadi, nafasi ya kumi na moja, kwamba alifanya kwa ajili yake. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hapa aliyelishwa ni mtoto peke yake. Akaapa atakiandikia chuo, akiri kwamba barua ya kweli ni ya Emmah. Emmah akamwuliza wale kumi watafanywaje. Akajibu kwamba mpaka sasa hawajaguswa, lakini akikiri pengine watafukuzwa.

"Sidi yuko wodini saa hizi, anauguza watu," Emmah akasema. "Usiandike."

Kisha akataka majina yao. Baba akayataja moja moja, kichwa chini, na mimi nilipoona amesahau mmoja nikamkumbusha, maana nilikuwa nimewachapia wote.

"Basi mama ana watoto kumi na mmoja, baba. Mimi peke yangu ndiye niliyeambiwa si wake."

Akanigeukia, akaniomba nizifute barua zile kwenye kompyuta, yake na za wenzake. Nilizifuta mbele ya macho yake, moja baada ya moja, na Odera alikuwa bado amekaa sakafuni.