Santuri Juu ya Mtungi

Tarehe tisa Machi mwaka 1994 nilifiwa na mke wangu, na wiki tatu baadaye nikapoteza santuri zake thelathini na moja. La kwanza sina la kulieleza. La pili nililisababisha mwenyewe kwa kukaa kimya.

Siku ya kumaliza matanga, ndugu wa pande zote mbili walikaa uani kwangu Buzuruga kugawa vitu vya marehemu, ili kila wa karibu apate cha kumkumbukia. Vitenge vilikwenda kwa dada zake, sufuria kwa shangazi yangu. Kisha baba yangu mdogo, aliyekuwa anasimamia ugawaji, akafungua sanduku la bati akakuta santuri. Zilikuwa zile ndogo, wimbo mmoja kila upande na tundu kubwa katikati. Rumba na nyimbo za dansi za zamani, ambazo mke wangu alizinunua moja moja kabla hajanijua.

"Na hizi?" akaniuliza.

Nilitaka kusema ziacheni. Lakini mfiwa anayeng'ang'ania vitu husemwa vibaya, na mimi si hodari wa maneno. Nimeishia darasa la saba, na huko nako nilikaa dawati la nyuma. Nikasema, "Mtakavyoona, baba."

Wakaona. Ziligawiwa kama chapati, mbili kwako, tatu kwako, na watu wasio na gramafoni walizipokea kwa mikono miwili wakashukuru. Gramafoni ya betri ikabaki kwa sababu ilikuwa yangu. Hivyo mimi nikawa na gramafoni bila santuri, na ukoo mzima ukawa na santuri bila gramafoni.

Kusema kweli niliihitaji moja tu. Ilikuwa na karatasi nyekundu katikati, na mkwaruzo niliouweka mimi. Mimi ni fundi baiskeli, na mwaka wetu wa pili wa ndoa niliweka spana juu ya ile santuri bila kutazama. Tangu siku hiyo, kwenye ubeti wa pili, mwimbaji alikwama akawa anarudia nusu ya neno kama mwenye kigugumizi. Mke wangu hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu alikuwa anapiga pasi, wimbo ukakwama, akaigonga meza kwa nyonga, pu! Sindano ikavuka. Akacheka peke yake, halafu akanicheka mimi. Kuanzia hapo wimbo ule nyumbani kwetu uliimbwa hivyo: ubeti, kigugumizi, nyonga, ubeti. Ile spana hakunitajia tena hadi anakufa.

Nani aliondoka nayo, sikujua. Siku ya kugawa nilikuwa nimeinamisha kichwa.

Mwezi wa tano nilipanda baiskeli nikaanza kuzikusanya. Shangazi yangu wa Buswelu alikuwa amezitundika nne kwenye kamba katikati ya mpunga wake, zitishe ndege.

"Zinasaidia?" nikamuuliza.

"Wiki ya kwanza zilisaidia," akasema. "Sasa ndege wanatua juu yake, wanapumzika, wanashuka kula, wanarudi kupumzika. Nimewajengea baraza."

Mvua na jua vilikuwa vimezikunja kama kisamvu kilichokaushwa. Nikamwambia nitamletea kitu bora. Miaka hiyo kaseti zilikuwa zimejaa mjini hadi zilizoharibika zinatupwa stendi, nikaokota mikanda yake nikaifunga shambani kutoka mti hadi mti. Upepo ulipovuma ikanguruma, na ndege wote wakahamia kwa jirani. Kaseti iliishinda santuri hata kwenye mpunga. Ile ya karatasi nyekundu haikuwemo kwenye zile nne.

Baba mdogo, yeye aliyegawa, alikuwa amesikia kwamba santuri ukiilowesha kwenye maji ya moto inalainika na unaweza kuifinyanga. Nilimkuta anatafuna karanga kutoka kwenye bakuli jeusi lenye mawimbi pembeni.

"Hili ni rumba," akaniambia kwa fahari. "Lile la sukari ni cha-cha-cha."

"Baba, lolote lilikuwa na karatasi nyekundu?"

"Karatasi zote zilibanduka kwenye maji, mwanangu. Lakini unaweza kujaribu. Si lina mistari bado?"

Sikujaribu. Nilikula karanga nikaondoka.

Kufikia mwezi wa saba nilikuwa nimerudisha kumi na tisa, na kumi kati yake zilikuwa zinalia vizuri. Ndipo nikapita kwa Mhindi mmoja mjini aliyekuwa anaondoa santuri dukani apate nafasi ya kaseti na redio mpya. Zilikuwa kwenye katoni ya sabuni mlangoni, zimeandikwa majina ya watu waliowahi kuzimiliki. Nikapekua nikiwa nimechuchumaa, na katikati ya katoni nikakutana na karatasi nyekundu. Wimbo uleule.

"Hiyo haina hata alama, fundi," yule Mhindi akasema. "Kama imetoka kiwandani leo."

Nikailipia, nikarudi nyumbani. Nikaweka betri mpya, nikaishusha sindano. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Nikasimama karibu na meza nikisubiri kigugumizi, na mwimbaji akapita pale moja kwa moja kama basi lisilosimama kituoni. Nyonga yangu ilikuwa imeshaondoka. Niliigonga meza, sindano ikaruka, ikaikwaruza santuri ya watu hadi ukingoni.

Kwa hiyo nami nikawa na santuri yenye mkwaruzo, ila mkwaruzo wenyewe si wa pale.

Palibaki mahali pamoja nilipokuwa naogopa kwenda: Busisi, kwa mama mkwe wangu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Kumdai mama mkwe kitu cha marehemu mwanawe sikujua kunaanzaje. Nikafunga gramafoni nyuma ya baiskeli, nikavuka na kivuko kutoka Kigongo.

Mdogo wa kike wa mke wangu alinipokea uani. Huyu ni shemeji yangu, na utani wetu ni wa tangu harusi.

"Shikamoo shemeji. Umekuja kuoa tena, au umekuja kutuuzia redio?"

"Marahaba. Mama yupo?"

"Yupo ndani, amekugeuzia mgongo kama inavyotakiwa. Kaa, nikupe maji."

Akaenda kwenye mtungi uliokuwa kivulini kando ya mlango. Juu yake, badala ya kifuniko, palikuwa na santuri ya karatasi nyekundu, na kwenye tundu la katikati gunzi la muhindi limekazwa ili vumbi lisiingie. Ubaridi wa mtungi ulikuwa umeitunza. Haikuwa imejikunja hata kidogo. Mkwaruzo niliuona nikiwa palepale nilipokaa.

"Shemeji," nikanong'ona, "mwombe mama hicho kifuniko. Nitamletea cha aluminiamu, kipya."

"Mama," akapaza sauti, "mkwe wako amevuka ziwa kuja kutamani kifuniko chako!"

Sauti ya mama ikajibu kutoka ndani, "Mwambie vifuniko ninavyo vinne."

Shemeji akanitazama. Mimi nikatazama chini. Sauti ikaongeza, "Mwambie nilichagua mwenyewe. Ile ina kovu. Nilipokuwa naugua nikalala kwao miezi miwili, niliisikia kila Jumamosi."

Nikaomba niicheze mara moja tu. Shemeji akang'oa gunzi, akaifuta maji kwa khanga yake, akanipa. Nikaweka gramafoni kwenye kizingiti, ambapo ndipo palikuwa tambarare, na mimi nikageuza uso uani.

Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Kigugumizi.

Kule kwangu nilijua la kufanya. Pale, mlangoni kwa mama mkwe, mwanamume mzima hawezi kusimama akarusha nyonga. Nikakaa mikono magotini, mwimbaji anarudia nusu ya neno, kuku wananitazama.

Nyuma yangu mlango ukagongwa, pu! Sindano ikavuka.

"Shemeji!" yule msichana akapiga kelele, amejishika tumbo kwa kicheko. "Shemeji, mama kapiga nyonga! Geuka uone!"

Sikugeuka. Haiwezekani kugeuka. Nilicheka nikiwa nimeuziba uso kwa mikono, na baadaye nikawa silii wala sicheki, hadi wimbo ukaisha.

"Mwambie mkwe arudishe," sauti ya mama ikasema, inahema. "Maji yanaingia vumbi."

Nikalikaza gunzi kwenye tundu, nikaiweka santuri juu ya mtungi.